Kuhoji mamlaka: Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kuhoji mamlaka ni kumtaka mwenye amri aeleze amri yake imetoka wapi, inasimama juu ya sheria gani, na kama yeye mwenyewe anafungwa nayo. Jambo hili ni tofauti na uasi. Mwasi hukataa amri pamoja na mwenye amri, ilhali anayehoji anaweza kuendelea kutii huku akiuliza; mara nyingi huuliza kwa sababu anaiheshimu sheria kuliko yule aliyepewa kuisimamia. Katika siasa za Tanzania, Kigoma ina sifa ya kuwa mkoa wa watu wabishi. Sifa hiyo haitoshi kueleza yaliyotokea huko. Hoja zilizofika mbali Kigoma ni zile zilizoibana serikali kwa sheria yake yenyewe, na zilifika mbali pale tu palipokuwa na mahali pa kuzipeleka.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inaweka utii na kuhoji katika ibara moja. Ibara ya 26 inamwajibisha kila mtu kuitii Katiba na sheria za nchi, kisha papo hapo inampa haki ya kwenda mahakamani kuzilinda. Uhuru wa maoni umo katika ibara ya 18. Haki hizi hazikuwamo katika vifungu vya Katiba tangu mwanzo: ziliingizwa kwa marekebisho ya 1984, na mahakama zikaanza kuzitekeleza 1988. Tarehe hizo zina uzito katika historia ya Kigoma, kwa kuwa amri kubwa kuliko zote iliyowahi kuushukia mkoa huo ilitolewa zaidi ya miaka kumi kabla.

Mamlaka ya zamani

Katika falme za Uha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, kama Heru, Muhambwe na Buyungu, mwami, yaani mfalme, hakutawala peke yake. Chini yake walikuwapo watware waliosimamia maeneo, na kando yao wateko, wenye neno katika mambo ya ardhi na matambiko yake. Mtu aliyekosana na mtware aliweza kulipeleka shauri kwingine, na aliyeshindwa kabisa alihama. Ujiji palikuwa na tabaka nyingi zaidi. Wenyeji wa Bujiji walikuwa na watawala wao, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na mkubwa wao Mwinyi Heri, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 bendera ya Sultani wa Zanzibar ikapandishwa huko, mwendo wa miezi kadhaa kutoka pwani. Sultani aliyekuwa mbali kiasi hicho alitiiwa kwa kiwango ambacho biashara iliruhusu.

Uislamu, ulioshika mizizi Ujiji mapema kuliko sehemu nyingi za bara, ulileta mafundisho yake juu ya suala hili. Waumini hufunzwa kuwatii wenye madaraka, na hufunzwa pia kwamba hakuna kumtii kiumbe katika jambo la kumuasi Muumba. Wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi mpaka kati ya mafundisho hayo mawili uko wapi.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Ujiji katika miaka ya 1890. Wabelgiji waliushika mji huo na Kigoma kuanzia 1916, wakawaachia Waingereza 1921. Waingereza walitawala kupitia machifu, na sheria yao ya mamlaka za wenyeji ya 1926 ilimfanya chifu awajibike kwa ofisa wa wilaya zaidi ya watu wake. Hapo ndipo njia ya zamani ya kumhoji mtawala ilipozibwa: chifu aliyetetewa na boma hakuwa na sababu kubwa ya kuogopa kukimbiwa na watu. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Uha na kuwakusanya katika makazi mapya ili kuwaepusha na mbung'o waenezao malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na wenye kuua. Hata hivyo waliohamishwa hawakuulizwa.

Operesheni Kigoma

Katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini la Septemba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari, kwa watu kushawishika na kuona faida. Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa Februari 1971 ulikwenda mbali zaidi. Aya yake ya 15 ilikemea viongozi wenye kiburi, wabadhirifu, wenye dharau na waonevu, na wafanyakazi viwandani wakaichukua kama silaha: migomo ya miaka iliyofuata, hasa Dar es Salaam, ililenga mameneja waliodaiwa kuvunja aya hiyo. Ni nadra chama tawala kuwapa watu kipimo cha kukihoji chenyewe. Ni kawaida zaidi kwa chama hicho kushtuka kipimo kinapotumika, na waliofanya migomo waliona hivyo upesi.

Mashambani mambo yalikwenda njia nyingine. Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufanyiwa operesheni ya kuhamishia watu vijijini kwa pamoja, kuanzia 1972. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo ikamilike nchi nzima ifikapo 1976. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika milimani, kila moja na migomba yake, ziliachwa, na watu wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Shamba likawa mbali na nyumba. Sheria ya kuvipa vijiji sura ya kisheria ilitungwa 1975, watu wakiwa wameshahamishwa.

Swali la wazi, kwamba amri hii inapatana vipi na andiko la 1967, halikuwa na mahali pa kuulizwa. Chama kilikuwa kimoja, Katiba haikuwa na haki za kudaiwa mahakamani, na mkuu wa operesheni ndiye aliyekuwa pia msikilizaji wa malalamiko. Watu wengi walihama kama walivyoambiwa. Baadhi yao baadaye walirudi taratibu kwenye mashamba ya zamani, bila mkutano wala tamko. Wanaowaita watu hao watiifu na wanaowaita wapinzani wote wanakosea kidogo: walitii kwa miguu wakati lori lilipokuja, na wakakataa kwa miguu lilipoondoka.

Jibu la kisheria lilikuja baada ya miaka 20, tena kutoka mkoa mwingine. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta haki za ardhi za kimila za watu waliohamishwa wakati wa operesheni. Baba na mwanawe kutoka Arusha waliipinga, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Uchaguzi mdogo wa 1994

Shauri la Kigoma lenyewe ndilo mfano ulio wazi kuliko yote. Baada ya vyama vingi kurejeshwa 1992, jimbo la Kigoma lilifanya uchaguzi mdogo mwaka 1994. Mgombea wa chama tawala, CCM, Azim Premji, alitangazwa mshindi. Dkt. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA hakuitisha fujo wala hakukubali yaishe; alifungua kesi, na Mahakama Kuu ikatengua matokeo. Serikali ikakata rufaa.

Hukumu ya Mahakama ya Rufani, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za 1996, ilishughulikia mambo mawili ambayo mpiga kura yeyote wa mjini Kigoma aliyaona kwa macho au kuyasikia kwa masikio. La kwanza ni Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyotuhumiwa kumpendelea mgombea wa chama tawala, wakati sheria inavitaka vyombo vya habari vya serikali visiegemee upande. La pili ni barabara. Matengenezo ya barabara za Kigoma, zilizolalamikiwa kwa muda mrefu, yalifanywa na serikali katikati ya kampeni, na mlalamikaji akadai kwamba hiyo ni hongo kwa wapiga kura. Mahakama ilikubali kwamba redio ilipendelea na kwamba kazi ya barabara ilikuwa kishawishi kisicho halali, na matokeo yakabaki yametenguliwa.

Uzito wa hukumu hiyo unavuka mipaka ya jimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Watanzania wengi hawakuwa wamezoea kutofautisha serikali na chama, na barabara ilihesabika kuwa fadhila ya mkubwa. Hukumu ilisema kwa lugha ya kisheria kwamba fedha za umma zina wakati wake na utaratibu wake. Inafaa pia kukumbuka kwamba aliyehoji hakuwa mtu wa nje ya mfumo. Baadaye Kabourou alikuwa mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, akashindwa 2005, kisha akahamia CCM. Hukumu haikupungua nguvu kwa mwenye kesi kubadili chama.

Bungeni

Zitto Kabwe, mzaliwa wa Kigoma wa 1976, aliingia bungeni 2005 kwa jimbo la Kigoma Kaskazini. Agosti 2007 alitoa hoja kwamba Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, aliutia saini London. Hoja ilikataliwa na mwenye hoja akasimamishwa ubunge hadi Januari 2008, kwa madai kwamba amelidanganya Bunge. Adhabu ilifanya kazi kinyume na ilivyokusudiwa, kwani suala la mikataba ya madini sasa lilijadiliwa hadi vijiweni. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia usimamizi wa madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto, akiwa bado amesimamishwa, aliteuliwa kuwa mjumbe. Sheria mpya ya madini ilipitishwa 2010.

Mambo hayakwenda hivyo mara ya pili. Mwishoni mwa 2018 Zitto alishtakiwa kwa uchochezi kutokana na kauli zake kuhusu mauaji katika mgogoro wa wafugaji na polisi wilayani Uvinza. Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotoa kauli za uchochezi kwa mwaka mmoja. Tofauti kati ya 2007 na 2018 haiko kwa mtu. Mara ya kwanza swali liliulizwa bungeni, kwenye kinga, na serikali ikaona heri kulijibu. Mara ya pili liliulizwa mbele ya waandishi wa habari, katika kipindi ambacho mikutano ya siasa ya hadhara ilikuwa imezuiwa.

Mlango unaobanwa

Njia ya mahakama nayo ina vizingiti, vingine vikiwa na bei. Sheria ya uchaguzi iliwahi kumtaka mlalamikaji aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla kesi haijasikilizwa. Mahakama ya Rufani iliifuta kanuni hiyo mwaka 2002 katika shauri la Julius Ndyanabo, kwa kuwa iliwafungia maskini mlango wa haki. Matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi hayahojiwi katika mahakama yoyote nchini, kwa mujibu wa ibara ya 41. Mwaka 2020 sheria ilirekebishwa ili anayefungua kesi ya haki za msingi aonyeshe kwanza jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Marekebisho hayo yalipingana na roho ya ibara ya 26, iliyompa kila mtu haki ya kuilinda Katiba hata kama jeraha si lake.

Amri ovu na mwenzako anayekataa

Ukanda wa Maziwa Makuu, ambamo Kigoma imo, unaujua utii wa aina mbaya kuliko wote. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa 1994 baada ya mauaji ya kimbari na kukaa Arusha, ilikuwa na kanuni kwamba kutii amri ya mkubwa hakumwondolei mtu hatia. Kunaweza tu kupunguza adhabu. Majaribio ya Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalionyesha jinsi amri inavyomshika mtu wa kawaida: washiriki 26 kati ya 40 waliendelea kumpa mwenzao kile walichoamini ni umeme hadi volti 450. Sehemu isiyotajwa sana ni kwamba wasaidizi wawili wa mtafiti, waliojifanya washiriki, walipokataa mbele ya mshiriki, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Mtu hukataa kwa urahisi zaidi akiwa na mwenzake.

Amri ya kupumzisha ziwa

Mfano wa karibuni unahusu maisha ya kila siku ya mwambao. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili dagaa na migebuka wazaliane. Sababu ya kisayansi ilieleweka. Wavuvi wenyewe wamekuwa wakiona mavuno yakipungua. Hoja zilikuwa za utekelezaji: mwenye mkopo wa injini na nyavu atalipaje, mwanamke anayeanika dagaa mwaloni ataishije, na nani anahakikisha upande wa pili wa maji unafungwa siku hiyohiyo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya ziwa imegawanywa kati ya Kongo na Tanzania, amri inayofuatwa kwenye ufukwe mmoja tu inamwadhibu mtiifu na kumlipa mkaidi wa ng'ambo.

Kanuni za uvuvi zinatambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa kifupi cha BMU, ambavyo viongozi wake huchaguliwa na wavuvi wenyewe. Kikundi hicho kina sura mbili: husaidia kukamata makokoro na nyavu haramu, na pia hupeleka malalamiko ya mwalo kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Mwalo ambao viongozi wake hufanya kazi ya kwanza pekee huwaona kama askari wa ziada. Mwalo ambao viongozi wake hufanya zote mbili hupata nafasi ya kuuliza tarehe, fidia na doria kabla ziwa halijafungwa.