Buloni ao gujoni: somo la moteri ya Ford V8

Wandugu, hapa tumezoea historia ya wafalme na mikataba. Leo nawaletea historia ya vyuma vinavyoshikilia kulasi, ule mfuniko wa juu wa moteri. Mimi ni mtu wa agronomia, lakini hata sisi wa shamba tuko na pompi za maji na mashini za kusaga, na mafundi hawachoki kubishana: kulasi ifungwe na buloni ao na gujoni?

Tupatane kwanza juu ya maneno. Buloni iko na kichwa. Unaipitisha kwenye kulasi na kuizungusha mpaka ishike ndani ya bloku. Gujoni haina kichwa. Iko na meno pande mbili: upande mmoja unabaki ndani ya bloku, mwingine unatokea juu ya kulasi na kufungwa na ekru.

Sasa historia. Model T ya Ford, iliyotoka Marekani mwaka 1908, ilifunga kulasi yake na buloni 15. Mwaka 1932 Ford ikatoa V8 ya bei ya watu wa kawaida, yenye nguvu za farasi 65, na hiyo ilitumia gujoni: 21 kwa kila kulasi, kisha 24 kuanzia 1938. Halafu kwa modeli ya 1949, kampuni ile ile ikarudia buloni, 24 kila upande.

Kama gujoni ni bora kila mahali, namna wengi wanavyosema, juu ya nini kurudi nyuma? Tuangalie watu waliozifungua moteri hizo.

Vijana wa California walikuwa wanashindanisha V8 kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Ili wapate mwendo, walipunguza kulasi ao waliweka mpya za alumini, hewa ibanwe zaidi. Mbano ukipanda, moto unasukuma kulasi juu, na joini inaungua. Tena walifungua moteri mara nyingi. Buloni ikizungushwa chini ya mzigo, inasugua meno ya bloku kila mara, na meno ya bloku yakiisha, umeumia. Gujoni inatulia mahali pake. Kinachozunguka ni ekru, na ekru ni ya kubadilisha.

Lakini V8 hiyo iko na tabia yake: matundu mengi ya vyuma hivyo yanafika kwenye njia ya maji. Miaka ikipita, kutu inashika gujoni na kulasi, zaidi kama kulasi ni ya alumini. Fundi anatoa ekru zote, na kulasi inakataa kupanda. Anapiga, anapinda, mwisho gujoni inakatika ndani ya bloku. Kwa buloni, hata nayo inaweza kushika kutu, lakini ikitoka tu, kulasi iko huru, huhitaji kuinyanyua wima juu ya msitu wa vyuma.

Kwa hiyo njo maoni yangu: Ford haikurudi nyuma. Gari la familia, linalofunguliwa mara moja kwa miaka, halina shida sawa na gari la mbio. Kuuliza tu «kipi kina nguvu?» ni kuuliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni: itafunguliwa mara ngapi, na nani, na vifaa gani?

Nawaambia hivi sababu wengi wetu tutaandika miradi na kununulia vijiji mashini. Tunapenda kuchagua iliyo kali zaidi kwenye karatasi. Lakini siku kulasi itakapofunguliwa, sisi tutakuwa tumesharudi mjini. Atakayebaki ni fundi na funguo zake, na akina mama wenye mahindi kichwani wakingoja. Tuanze kumuuliza yeye.