Chokaa Nyeupe na Chokaa ya Buluu

Mwenye nyumba ya mawe anapochagua rangi ya chumba, nyeupe au buluu, huyauliza macho yake kwanza. Nyumba zenyewe zatufunza kuanza na mwanga na ukuta.

Katika nyumba za kale za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine: ua ulio wazi juu uitwao kiwanda, misana miwili, kisha ndani. Mwanga uliingia kwa kupitia kiwanda, na kila ulipovuka ukuta ulipungua. Weupe wa chokaa ulikuwa na kazi: kuupokea mwanga ule mchache na kuufikisha kwenye zidaka.

Buluu ina tarikhi nyingine. Kwa karne nyingi buluu bora ya wachoraji wa Ulaya ilisagwa kutokana na lazuardi, jiwe la Badakhshan huko Afghanistan, na bei yake ilikaribiana na ya dhahabu. Mwaka 1824 jumuiya moja ya Paris ilitangaza tunzo ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa gharama nafuu. Mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet akaitwaa. Hivyo buluu ya wafalme ikashuka hadi kwenye beseni la kufulia kanzu. Ukutani nako ilifaa, kwani chokaa haiiharibu. Buluu ya Berlin, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 18, haina stahamala hiyo. Ikichanganywa na chokaa hupauka na kugeuka hudhurungi.

Basi chumba chenye kiza kipewe nyeupe. Chenye madirisha na jua kali kipewe buluu, imtulize mkaaji. Zote mbili, zikiwa chokaa, huuacha ukuta wa matumbawe utoe unyevu wake. Rangi nyingi za plastiki huiga weupe ule na buluu ile, lakini huufunga ukuta: unyevu hukwama, chumvi hujikusanya, plasta huvimba na kubanduka.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Urithi huo hulindwa au hupotea ndani ya ndoo ya mpaka rangi.