Mashua za matanga zinavyokimbia baridi pwani ya Marekani

Kila mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, mamia ya mashua za matanga hukusanyika katika bandari ya Norfolk, jimbo la Virginia, nchini Marekani. Zimetoka New England, New York, ghuba ya Chesapeake na hata Kanada. Zote zaelekea kusini, Florida, kabla maji ya kaskazini hayajaanza kuganda.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, safari ya namna hii si ngeni. Ni msimu huo huo ambapo majahazi ya Oman na Ghuba yalikuwa yakijiandaa kushuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar. Tofauti ni kwamba manahodha wa Kiarabu walikata bahari kuu, ilhali hawa wa Marekani wengi hupita nchi kavu, karibu tuseme. Hufuata msururu wa mito, mahori, vidaka na mifereji iliyounganishwa nyuma ya visiwa vya pwani, kutoka Norfolk hadi Miami, umbali wa kilomita 1,760 hivi. Anayeendelea hadi Key West hukamilisha kilomita 2,000.

Sababu ya kuikwepa bahari ina jina: Rasi ya Hatteras, North Carolina, ambayo mabaharia huiita Makaburi ya Atlantiki. Mkondo mkubwa wa maji ya moto utokao Ghuba ya Mexico hupita karibu nayo ukielekea kaskazini. Upepo wa baridi unapovuma kutoka kaskazini, upepo na mkondo hupigana, na mawimbi husimama kama kuta. Njia ya ndani humwezesha msafiri kuizunguka rasi hiyo na kuibukia Beaufort, kilomita 330 kutoka Norfolk. (Kuna Beaufort mbili katika safari hii. Ya North Carolina hutamkwa "Bofoti", ya South Carolina "Byufoti", na mgeni akikosea husahihishwa papo hapo.)

Wazo la njia hii ni la kale. Mwaka 1808 Albert Gallatin, aliyekuwa waziri wa fedha, aliliwasilisha mbele ya Seneti pendekezo la kuunganisha maji ya pwani kwa mifereji. Umuhimu wake ulidhihirika upya mwaka 1942, nyambizi za Ujerumani zilipozamisha meli nyingi karibu na pwani hiyo.

Lakini sehemu moja ilikwisha kuchimbwa kabla ya Gallatin. Mfereji wa Dismal Swamp, wenye urefu wa kilomita 35 katika kinamasi kati ya Virginia na North Carolina, ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na kufunguliwa 1805. Waliouchimba kwa mikono, wengi wao, walikuwa watumwa. Moses Grandy, mtumwa aliyekuwa nahodha wa mashua za mizigo katika maji hayo, alisimulia katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1843 jinsi wachimbaji walivyozama kwenye tope hadi kiunoni na zaidi wakikata mizizi. Grandy mwenyewe alilipia uhuru wake mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza alidhulumiwa. Ndani ya kinamasi hicho hicho walijificha watoro waliokataa utumwa. Leo mashua za starehe hupita hapo polepole, katika maji ya rangi ya chai ya rangi, zikipandishwa na kuteremshwa katika malango mawili ya maji.

Huko mbele, ukingoni mwa mto Waccamaw, South Carolina, yangali yaonekana mabaki ya mashamba ya mpunga yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Wajukuu wao, Wagullah na Wageechee, wangali wanaishi katika visiwa vya pwani hiyo. Na kutoka Charleston, usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, mtumwa Robert Smalls, aliyezijua njia hizo za maji kama kiganja chake, aliiteka meli ya kivita ya Planter akiwa na familia yake na kuipeleka kwa jeshi la Kaskazini. Baadaye alichaguliwa kuingia bunge la Marekani.

Ajabu ya safari ni kwamba tanga halitumiki sana. Mfereji ni mwembamba na hupindapinda, hivyo mashua huenda kwa injini, kilomita kumi kwa saa, labda themanini kwa siku. Desemba, mchana wa Norfolk haufiki saa kumi, na usiku hakuna anayesafiri kwa hiari yake: mitego ya kaa na alama nyingi hazina taa. Alama nyekundu huachwa mkono wa kulia kwa anayeelekea kusini.

Mlingoti nao una sheria zake. Madaraja mengi yasiyofunguka yamejengwa kimo cha karibu mita 20 juu ya maji yaliyojaa, isipokuwa moja mjini Miami lenye mita 17 tu. Mwenye mlingoti mrefu hana budi kutoka baharini kabla ya kulifikia.

Hatari kubwa zaidi ni kina. Kisheria, njia yapaswa kuwa na kina cha mita 3.6 hadi Fort Pierce, Florida, lakini mchanga haujui sheria. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi ndicho chenye jukumu la kuzoa tope, na fedha hugawanywa kwa kutazama zaidi shehena za biashara, ambazo hapa zimepungua. Huko Georgia maji hupanda na kushuka zaidi ya mita mbili, na anayekwama maji yakiwa yamejaa hupwelewa, akaegemea ubavu akisubiri maji yajayo. Mvuvi wa Lamu angemwelewa.

Kadhalika kuna suala la tarehe. Msimu wa vimbunga huisha rasmi Novemba 30, na kampuni nyingi za bima hukataza mashua kushuka mapema mno. Anayechelewa naye hukuta theluji sitahani.

Wengine hawakomei Florida, bali huvuka hadi Bahama. Hapo upepo wa kaskazini uliowasukuma njia nzima hugeuka adui, kwa kuwa mkondo ule wa Hatteras hupita baina ya Florida na visiwa hivyo. Hutia nanga Lake Worth au Miami, wakati mwingine majuma mawili, wakingoja upepo uhamie kusini.