Karata Iliyochelewa Kufika

Agosti 1993, kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield. Toleo hilo la kwanza, Alpha, lilikuwa na karata 295, na ndani yake mlikuwa na swali la kuumiza kichwa: nguvu iliyokwisha kutolewa, je, humfikia kiumbe anayeingia mezani baadaye?

Crusade humfikia. Karata hii hubaki mezani, na maadamu ipo, kila kiumbe mweupe, hata wa mpinzani, huongezewa moja ya kushambulia na moja ya kustahimili. Aliyetangulia na aliyechelewa wote hupata.

Overrun, ya mwaka 1997, ni mambo mengine. Huchezwa, hufanya kazi, hutupwa. Viumbe wa mchezaji huongezewa tatu za kushambulia na tatu za kustahimili hadi mwisho wa zamu, lakini orodha yao hufungwa pale pale nguvu inapoanza. Atakayeingia muda mfupi baadaye haambulii kitu.

Fog, iliyokuwamo tangu Alpha, ndiyo inayoonyesha uhodari wa waandishi wa kanuni. Nayo hutupwa ikishatumika, lakini huzuia madhara yote ya mapigano katika zamu hiyo, hata ya kiumbe aliyechelewa. Sababu ni kwamba haigusi sifa za kiumbe yeyote. Hubadili sheria ya zamu yenyewe. Ni tofauti ndogo, tena nzuri mno, na imeandikwa katika kanuni kuu za Magic, kifungu cha 611.2c.