Cuban Marimba: bendi ya Morogoro inayosikika kila Idi na kusahaulika mwaka mzima

Novemba 2025 ilitimia miaka 60 tangu Salum Abdallah Yazidu, mwimbaji, mtunzi na kiongozi wa Cuban Marimba Band ya Morogoro, afariki dunia kwa ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 37. Siku ya kifo chake haina mahali katika kalenda ya sanaa ya taifa, ingawa sauti ya marehemu haijawahi kuondoka masikioni mwa Watanzania, kwa kuwa kila inapokaribia Sikukuu ya Idi redio hurudia wimbo wake “Mkono wa Idi”, na watu waliozaliwa miongo mingi baada ya kifo chake huufuatisha bila kujua aliyeuimba ni nani, wala bendi yake ilitoka mji gani.

Cuban Marimba ilikuwa bendi ya dansi, yaani muziki wa mjini unaopigwa kwa magitaa, tarumbeta au saksafoni na ngoma za kugonga, ukiimbwa kwa Kiswahili na kuchezwa ukumbini kwa kiingilio. Nyimbo za aina hiyo zilizorekodiwa kati ya miaka ya 1950 na 1980 ndizo ambazo vituo vya redio leo huzikusanya katika vipindi vya “zilipendwa”. Kwa muda mrefu historia yake ilibaki vichwani mwa wanamuziki wenyewe, hadi ilipoanza kuandikwa na watu wachache, na miongoni mwao mawili ndiyo majina ambayo mtafutaji hukutana nayo kwanza: John Kitime, mpiga gitaa na mwandishi wa habari za muziki wa Tanzania, na Werner Graebner, mtafiti wa Kijerumani aliyekusanya santuri za zamani za Afrika Mashariki na kuzitoa upya. Makala haya yanaegemea zaidi upande wa Graebner, ambaye mkazo wake uko kwenye santuri: nani alizirekodi, nani aliziuza, na nani alizitoa tena.

Hatua za mwanzo za dansi zinafahamika vya kutosha. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na kufikia uhuru karibu kila mji wenye stesheni ya reli au bandari ulikuwa na bendi yake, kuanzia Atomic Jazz ya Tanga hadi Tabora Jazz na Kiko Kids za Tabora. Neno “jazz” katika majina hayo halikuhusiana sana na jazi ya Wamarekani Weusi, bali lilikuwa alama ya usasa, kwani wanamuziki wa bendi hizo walikuwa wakisikiliza zaidi Cuba.

Jambo la Cuba linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo lililomfanya Salum Abdallah awe alivyokuwa. Mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kutoa mfululizo wa santuri za Kilatini uliojulikana kwa herufi GV, ambao ulisambaa Afrika nzima na kuleta nyimbo kama “El Manisero” ya Don Azpiazu pamoja na kazi za Sexteto Habanero na Trio Matamoros. Santuri hizo zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, nzito na rahisi kuvunjika, na kila upande ulitosha wimbo mmoja wa takriban dakika tatu, hivyo mwenye gramafoni alilazimika kusimama kila mara, kuinua mkono wa sindano, kugeuza santuri na kuzungusha tena mpini wa mashine. Muziki uliomo ulikuwa son, uliozaliwa mashariki mwa Cuba kwa kuunganisha gitaa la Kihispania na ngoma na viitikio vya watu waliopelekwa utumwani kutoka Afrika. Mpangilio wake, ambapo beti huimbwa kwanza kwa utulivu kisha wimbo ukaingia katika sehemu ya kuitana na kuitikiana yenye kasi zaidi, haukuwa mgeni hata kidogo kwa msikilizaji aliyekulia kwenye ngoma za pwani au za milima ya Uluguru. Kwa hiyo madai ya mara kwa mara kwamba wanamuziki wa Tanganyika waliiga tu ya wageni yanasahau kwamba walichokipokea kilikuwa kimetoka bara lao, na kwamba hawakukiacha kama walivyokipokea.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro tarehe 5 Mei 1928, baba akiwa Mwarabu na mama Mluguru. Masimulizi yanayorudiwa zaidi kuhusu ujana wake ni yale ya safari ya Cuba: kijana huyo, baada ya kulewa santuri za GV, alitoroka nyumbani na kushika njia ya Mombasa akiwa na nia ya kupata meli ya kumfikisha kisiwani humo, akakwama pwani, na hatimaye akarudi Morogoro bila kuvuka bahari. Masimulizi hayo yamepambwa kadiri yalivyopita kinywa hadi kinywa, na msomaji makini ana haki ya kuyapokea kwa tahadhari, lakini hakuna anayeweza kuyapuuza, kwa sababu kazi yote iliyofuata inafanana na kazi ya mtu aliyeamua kwamba kama Cuba haifikiki, basi itajengwa chini ya milima ya Uluguru. Mwaka 1948 aliunda bendi iliyoitwa La Paloma, jina la wimbo maarufu wa Mhispania Sebastián Iradier uliotungwa karne ya 19 kwa mahadhi ya habanera, yaani mdundo wa dansi kutoka Havana, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 bendi hiyo ikawa Cuban Marimba.

Mji wenyewe ulikuwa na hali zilizomfaa mtu wa namna hiyo. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Morogoro tangu 1907, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yalikusanya vibarua kutoka kila pembe ya Tanganyika, nchi ambayo katika miaka ya 1950 iliongoza duniani kwa zao hilo. Vibarua hao, makarani, mafundi wa reli na wafanyabiashara wadogo hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, lakini walikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi na Kiswahili, na mambo hayo mawili ndiyo mtaji wa bendi ya dansi. Salum Abdallah aliwatungia nyimbo za mapenzi, za mawaidha, za sikukuu na za siasa, zikiwamo “Ngoma Iko Huku”, “Shemeji Shemeji” na “Wanawake wa Tanzania”, kwa Kiswahili chepesi chenye vina, kilichotamkwa kwa uwazi kiasi kwamba hata katika santuri iliyokwaruzika kila silabi husikika. Uimbaji wake haukuwa wa kupaza sauti. Aliimba kama mtu anayezungumza na msikilizaji mmoja aliye karibu, huku waitikiaji wakimpokea kwa sauti zilizopangwa, na katika hilo hakuwa na mpinzani katika kizazi chake.

Mpinzani wa bendi, hata hivyo, alikuwapo, tena mtaa wa pili. Morogoro Jazz ilikuwa imetangulia kwa miaka minne, na kuwapo kwa bendi mbili kubwa katika mji mmoja usiokuwa mkubwa kuliugawa mji katika kambi mbili, kwa namna ambayo mpenzi wa mpira anaweza kuielewa kwa kufikiria Simba na Yanga. Mgawanyiko wa aina hiyo ulikuwa na mizizi ya zamani zaidi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, ngoma iliyoiga gwaride na tarumbeta za kijeshi na kuenea kutoka pwani hadi bara kupitia askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alionyesha jinsi kila mji ulivyokuwa na vyama viwili vya ngoma hiyo, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo, karamu na nyimbo za kupigana vijembe. Beni ilipofifia, tabia ya kushindana haikufa, bali ilihamia kwenye vilabu vya dansi, ambavyo navyo vilikuwa na wanachama, viongozi na wafuasi walioona ni fedheha kuonekana wakicheza kwa wapinzani.

Katika vita hivyo silaha kuu ilikuwa mtindo. Katika dansi, mtindo ni jina ambalo bendi hulipa pigo lake na uchezaji wake, likatangazwa katikati ya wimbo na kuwa bendera ya wafuasi: Western Jazz ilikuwa na Saboso, Atomic ilikuwa na Kiweka, NUTA ilikuwa na Msondo, na Morogoro Jazz ilikuwa na Likembe na Sululu. Bendi iliyobuni mtindo mpya iliilazimisha nyingine kujibu, na kwa sababu Cuban Marimba na Morogoro Jazz zilichota wachezaji kutoka mji uleule, hakuna iliyopata nafasi ya kulala. Ubora wa muziki wa Morogoro katika miaka hiyo, uliozishinda mara nyingi bendi za Dar es Salaam zenye vyombo vizuri zaidi, hauelezeki bila ugomvi huo.

Kisha ikaja Novemba 1965. Salum Abdallah, ambaye wapenzi wake walimfupisha kwa herufi SAY, aliiacha bendi katika kipindi kibaya kabisa, kwani wakati huohuo Morogoro Jazz ilikuwa ikimpata kijana aliyezaliwa mwaka 1944, Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa la solo ambaye baadaye jina lake lingemeza majina ya wengine wote. Aliyeshika usukani wa Cuban Marimba ni Juma Kilaza, na hapa ndipo penye dhuluma kubwa zaidi ya kumbukumbu, kwa maana Kilaza alirithi bendi ya marehemu anayependwa, akasimama mbele ya mpinzani aliyekuwa akipanda kwa kasi, na bado akaiendeleza bendi ikatoa nyimbo zilizopendwa nchi nzima. Mwandishi wa historia ya mpira asingemsahau kocha wa namna hiyo. Wakati Morogoro Jazz ikiiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, wapenzi wa Cuban Marimba waliendelea kujaza ukumbi wao nyumbani, na ushindani haukuisha hadi Mbaraka mwenyewe alipoondoka mwaka 1973 kuunda Orchestra Super Volcano.

Kwa nini basi Mbaraka, aliyefariki naye kwa ajali ya gari, Januari 1979 nchini Kenya, anajulikana na kila mpenzi wa zilipendwa, ilhali Salum Abdallah anajulikana na wachache na Kilaza na wachache zaidi? Jibu la kawaida ni kwamba Mbaraka alikuwa na kipaji kikubwa zaidi, na kipaji chake hakibishaniwi, lakini mkazo wa Graebner juu ya santuri unatoa jibu lenye nguvu zaidi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo kila bendi ilimtegemea mfanyabiashara wa Kenya. Salum Abdallah alirekodiwa na Assanand & Sons, duka la santuri la Mombasa lililokuwa na lebo iitwayo Mzuri, wakati wa santuri za 78 na mwanzo wa zile ndogo za 45, vitu vilivyovunjika, vikachakaa na havikuchapwa tena. Mbaraka alirekodi baadaye, chini ya kampuni kubwa ya Nairobi ambayo baada ya kifo chake ilizikusanya kazi zake katika mfululizo wa “Ukumbusho” na kuziuza kwa miaka mingi, kwanza kwa santuri kubwa kisha kwa kaseti. Mmoja alibaki dukani na mwingine akatoweka dukani, na taifa likafuata duka.

Redio ingeweza kurekebisha hali hiyo. Utangazaji wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 1951 na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia 1965, ulirekodi bendi za nchi nzima na kuhifadhi kanda ambazo leo ziko mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa. Hata hivyo hazina hiyo imetumika zaidi kujaza muda wa vipindi kuliko kufundisha. Wimbo hupigwa, mtangazaji hutaja jina la bendi, mara nyingine hata hilo hukosekana, na mtunzi, mpiga solo na mwaka wa kurekodi havitajwi kabisa.

Kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, kulizikata bendi na viwanda vya Nairobi hadi 1983, na katika miaka iliyofuata bendi za mashirika ya Dar es Salaam zikatawala, kisha muziki wa kizazi kipya ukashika nafasi. Mkusanyiko wa kwanza wa maana wa nyimbo za Salum Abdallah za miaka 1955 hadi 1965 haukutolewa Morogoro wala Dar es Salaam. Ulitolewa Ujerumani kwa CD, na kampuni ndogo ya Dizim Records, chini ya jina “Ngoma Iko Huku”, na ni aibu isiyohitaji kupakwa rangi kwamba mwanafunzi wa muziki wa Tanzania anayetaka kuusikia ule mchanganyiko wa son na Kiswahili katika hali yake nzuri huanzia hapo.

Kuzirudisha nyimbo hizo nyumbani hakuzuiwi tena na hakimiliki ya mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, inalinda haki za mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo. Kwa nyimbo ambazo Salum Abdallah alizitunga peke yake ulinzi huo ulikwisha mwishoni mwa 2015, na kwa maana hiyo bendi yoyote ya hoteli, kwaya ya shule au kijana mwenye studio chumbani anaweza kuupanga upya “Ngoma Iko Huku” bila kuomba kibali cha mtunzi wala kulipa ada ya utunzi.