Vitegemezi, vidole na orodha mbili za Garissa

Leo tuongee kuhusu orodha. Anayetengeneza kifurushi cha programu lazima aandike mahali fulani programu yake inategemea nini: maktaba gani, na toleo lipi. Hivyo ndivyo vitegemezi. Shida huanza pale vitegemezi vilevile vinapoandikwa mara mbili. Wanaotumia Python wanaijua vizuri. Kuna setup.py, ambamo mwenye programu anasema "nahitaji maktaba hii, toleo lolote kuanzia la 2". Halafu kuna requirements.txt, ambamo anasema "kwenye seva yangu limo toleo la 2.3.1". Siku ya kwanza zinaelewana. Baada ya miezi sita mtu ameongeza maktaba huku akasahau kule, na programu inayokwenda vizuri kwako inagoma kwenye mashine ya mwenzako.

Zinapogongana, tuamini ipi? Swali hili watengenezaji wa vifurushi wamebishana nalo miaka mingi, na majibu yao nitayafikia. Lakini kwanza nataka twende Garissa. Najua Garissa haina sifa ya vifurushi vya programu. Ila orodha mbili zilizogongana kwa hasara kubwa kuliko zote ninazozijua ziko huko, na kilichoandikwa ndani yake ni watu.

Tuanze 1989. Raia wa Kenya akifika miaka 18 huchukua kitambulisho, au kipande kama wazee wanavyokiita. Novemba mwaka huo serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali waliopita umri huo wajitokeze kuhakikiwa upya, hata kama kipande walikuwa nacho mfukoni. Waliopita wakapewa kadi nyingine, ya rangi ya waridi. Itazame kwa jicho la mtu wa kompyuta: ukweli mmoja, kwamba huyu ni raia, sasa umeandikwa mahali pawili. Je, aliye na kipande lakini hana kadi ya waridi ni nani? Orodha ya kwanza inasema ni raia. Ya pili haisemi kitu, na huko kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni jibu. Hiyo ndiyo hitilafu ya kale kabisa katika kazi yetu, kusoma nafasi tupu kana kwamba imeandikwa "hapana".

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu, na watu wakamiminika kuvuka mpaka. Kati ya 1991 na 1992 kambi tatu zikafunguliwa Dadaab, ndani ya Garissa: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipopiga Somalia, idadi ilipita 400,000. Hapo ikazaliwa orodha nyingine kabisa, ya UNHCR, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kujua nani apate chakula, hema na matibabu.

Sasa fikiria mfugaji Mkenya anayeishi jirani na kambi hizo. Lugha ni ileile, ukoo pengine ni uleule, na ukame hauulizi kitambulisho. Mifugo imekufa. Ndani ya kambi kuna mgao wa chakula, zahanati na shule, nje hakuna. Wengi wakajiandikisha, na wengi zaidi wakawaandikisha watoto wao. Kuna watakaosema huo ni udanganyifu. Kwa mtu mzima tunaweza kubishana. Mtoto wa miaka minne aliyebebwa mgongoni hadi mezani kwa karani hakumdanganya mtu.

Kwa muda mrefu hili halikuonekana, kwa sababu kadi za chakula zilikuwa za karatasi na orodha mbili hazikuwahi kukutana. Halafu kompyuta zikaingia (sisi hapo!). UNHCR ikaanza kuhifadhi alama za vidole, na 2013 yenyewe na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakaanza kuhakiki vidole kwenye vituo vya mgao kambini. Kwa upande mwingine, Ofisi ya Usajili wa Watu inachukua vidole vya kila anayeomba kitambulisho. Vidole vya wakimbizi vilipowafikia maafisa wa serikali, majedwali mawili yakaunganishwa, na ufunguo ukawa kidole.

Kijana wa Garissa akafika ofisini na cheti cha kuzaliwa, na pengine wazazi wenye vitambulisho halali. Akabonyeza vidole, jibu likarudi: wewe ni mkimbizi. Bila kitambulisho, Kenya ya leo haikai. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo M-Pesa huna. Benki huna, kura huna, na vizuizi vya polisi barabarani vinakuwa ukuta. Haki na Sheria, shirika lenye makao yake mjini Garissa, limekadiria waliokwama hivi kuwa 40,000 au zaidi. Wao wanaliita tatizo hili usajili wa mara mbili.

Kinachonisumbua kama mwandika programu ni kwamba mashine haikukosea. Vidole vililingana kweli. Kosa liko kwenye usomaji wa matokeo. Rekodi ilisema "vidole hivi vilipokea mgao Dadaab", afisa akasoma "mwenye vidole hivi si Mkenya". Rekodi ya kwanza haina uwezo wa kuthibitisha ya pili, kama vile requirements.txt haina uwezo wa kukuambia programu yangu inaweza kufanya kazi na matoleo gani mengine. Inakuambia tu kilichokuwamo kwenye seva siku ile.

Na hapo ndipo wenzetu wa vifurushi walipofika, baada ya kuumia sana. Desemba 2010 Yehuda Katz, mmoja wa waliotengeneza Bundler ya lugha ya Ruby, alieleza kwa nini gemspec na Gemfile zina kazi tofauti. Mwaka 2013 Donald Stufft akasema jambo hilohilo kwa upande wa Python: setup.py inataja hitaji kwa jumla, requirements.txt inataja kilichowekwa mahali fulani. Zikitofautiana, huenda hakuna kosa lolote, maana zinajibu maswali mawili. Ushauri wake ulikuwa kwamba kama hutaki kurudia, requirements.txt ielekeze kwenye setup.py, isinakili yaliyomo.

Debian, ambayo ipo tangu 1993, wana dawa kali zaidi ninayoipenda. Chombo chao, dpkg-shlibdeps, kinafungua programu iliyokwisha kutengenezwa, kinatazama inaita maktaba zipi, kisha kinaandika vitegemezi hivyo chenyewe. Ukitilia shaka orodha, unarudi kwenye programu yenyewe na kuiandika upya. Faili ya toleo kamili nayo unaweza kuifuta asubuhi na kuizalisha tena kabla ya chai.

Mtu wa Garissa hakupewa njia kama hiyo. Kuingia kwenye orodha ya wakimbizi kulikuwa na meza, karani na utaratibu. Kutoka hakukuwa na mlango unaojulikana: nani ana mamlaka ya kufuta, kwa ushahidi gani, na mabadiliko yataifikiaje orodha ya pili. Serikali ilifanya mizunguko ya uhakiki, watu wakapanga foleni, wengi wakarudi nyumbani kusubiri. Mwaka 2021 Haki na Sheria wakaipeleka serikali Mahakama Kuu.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada ambao waombaji wa vitambulisho wa kaskazini walikuwa wakipitishwa mbele ya kamati. Wengi walishangilia, na kwa haki kabisa, maana ni mkia wa ile kadi ya waridi. Ila kamati ni jambo moja, na safu iliyomo kwenye hifadhidata ni jingine. Kamati inaondolewa kwa saini. Safu inahitaji mtu mwenye ruhusa ya kuandika, aweke tarehe ya mwisho pembeni ya jina, na aweke tarehe hiyohiyo katika kila nakala iliyowahi kutolewa.