Kifaru cha Karatasi

Jioni hapa Al Qusais, Dubai, nakata na kugundisha karatasi kuunda Panzer I, kifaru chepesi cha Wajerumani. Chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 4, watu 2 na bombomu 2. Changu, kwa kipimo cha 1:25, ni sentimita 16.

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwanyang'anya Wajerumani Tanganyika, ukawakataza na vifaru. Wakafanyia mazoezi vifaru bandia vya mbao, turubai na karatasi ngumu. Panzer I walipoanza kukiunda, walikiita trekta la shamba. Mwaka 1939 kikaingia Poland, na kabla vita havijaisha, askari wetu wa King's African Rifles walikuwa wamezikwa hadi Burma.

Ndiyo sababu sikiweki pamoja na vitu vya watoto. Mkataba nao ulikuwa karatasi.